Barua ya Wazi: Msitufundishe Kuficha Ndugu

Pasiansi, Mwanza

Kwa wote mnaosimamia upekuzi wa watumishi wa umma

YAH: SWALI LA NDUGU WALIO NJE YA NCHI

Ndugu Wahusika,

Barua za kiofisi nchini kwetu huanza kwa neno hilo. Nimeliandika miaka 31 nikiwa mwalimu: Ndugu Afisa Elimu, Ndugu Mkuu wa Shule, Ndugu Mwenyekiti wa Kamati. Hakuna hata mmoja wao niliyechangia naye tumbo, wala hakuna aliyewahi kuniuliza udugu huo umetokea wapi. Mwaka huu ndipo neno lilipoanza kunidai maelezo. Binti yangu alirudi na fomu ya upekuzi, tukakaa nayo mezani baada ya chakula cha jioni, na kwenye ukurasa wa tatu tukakuta swali: ndugu wanaoishi nje ya nchi au wasio raia wa Tanzania, wataje, na uhusiano wako nao. Chini yake palikuwa na mistari minne.

Nianze kwa kuwatoa hofu. Sipingi upekuzi. Somo nililofundisha ni Uraia, na nimewaambia watoto wa watu darasani kwamba anayekabidhiwa funguo za masijala ya siri lazima ajulikane ametoka wapi, anaishi na nani na anadaiwa na nani. Binti yangu alisomea kompyuta. Alipita usaili wa mchujo, akapita wa vitendo, akapita wa mahojiano. Kazi yenyewe ilikuwa kutunza mitambo ambayo ndani yake mna taarifa zisizopaswa kuonwa na kila mpita njia. Wangempa bila kumpekua, mimi ningekuwa wa kwanza kushangaa. Taasisi siitaji, kwa sababu ninachokisema hakihusu mlango mmoja.

Tulianza kujaza. Mstari wa kwanza: mjomba, Kisumu. Wa pili: mama mdogo, Kisumu. Wa tatu: shangazi, Migori. Wa nne: kaka, Marekani. Mistari ikaisha, na hatujagusa watoto wa mjomba, ambao mmoja wao ana duka Kampala na humpigia binti yangu simu karibu kila wiki kuulizana habari za mpira. Nikamwambia hao wanatosha. Akanitazama vile anavyonitazama nikikosea hesabu ya chenji. "Mama, si ndiwe uliyetufundisha fomu ya serikali haijazwi nusu?" Akachukua karatasi nyeupe, akapiga mistari kwa rula, akaandika majina mengine saba, tukaibana nyuma ya fomu kwa pini.

Huyo mjomba wa Kisumu hakuokotwa njiani. Baba yangu alikuwa fundi mitambo kwenye meli za Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Meli ya Victoria ililetwa vipande vipande kutoka Uskoti, ikaungwa Kisumu, ikaanza safari mwaka 1961. Baba alikuwa miongoni mwa vijana walioshika grisi yake ya kwanza. Ziwa lilikuwa moja, mshahara mmoja, sare moja. Alikuwa na nyumba Kisumu na nyumba Mwanza, na kwa kuwa alikuwa mtu wa zama zake, kila nyumba ilikuwa na mke. Hakuna aliyeona ajabu. Halafu mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, mpaka wetu na Kenya ukafungwa, mabogi na meli zikagawanywa kama vyombo vya marehemu: Uhuru ikabaki kwao, Umoja ikaja kwetu, Victoria ikaja kwetu. Baba akaja na Victoria. Watoto wa Kisumu wakabaki Kisumu. Mpaka ulifunguliwa 1983. Kwa miaka hiyo yote kaka yangu yule nilimjua kwa picha moja tu, amevaa kaptula ya shule na mkono mmoja ameuweka juu ya baiskeli isiyo yake.

Kwa hiyo fomu inapomuuliza binti yangu kwa nini ana mjomba Mkenya, jibu la kweli ni kwamba serikali tatu zilimwajiri babu yake, kisha serikali hizo tatu zikagombana. Jibu hilo halienei kwenye mstari.

Sasa niwasimulie kilichotokea kwenye mahojiano, maana kinachekesha kama hakijakupata wewe. Aliulizwa juu ya huyo "kaka" wa Marekani. Mbona ubini wake ni tofauti na wako? Mbona fomu yako inasema mmezaliwa watatu, na yeye hayumo kwenye hao watatu? Binti akaeleza: ni mtoto wa mama mkubwa. Basi ni binamu, akaambiwa, kwa nini umeandika kaka? Akajibu kwamba hajawahi kumwita binamu tangu azaliwe na hata angemwita hivyo, mama mkubwa angemfukuza jikoni. Aliyekuwa akiuliza aliandika kitu kirefu kwenye daftari lake. Ninaamini kabisa kwamba naye ana mama mkubwa mahali fulani, Shinyanga au Songea, na watoto wa mama huyo anawaita kaka na dada. Lakini siku hiyo, akiwa na kalamu, udugu wa nyumbani kwake ulikuwa umegeuka kuwa maelezo yanayokinzana.

Baada ya hapo, kimya. Mwezi wa kwanza tulisema ofisi zina foleni. Mwezi wa tatu tangazo la kuitwa kazini likatoka, majina ya wenzake yapo, lake halipo. Mwezi wa tano nilivaa gauni langu la vikao vya wazazi, nikaenda mwenyewe kuuliza. Mtumishi mmoja, kijana mwenye adabu, alinipa kiti, akaangalia mlango, akasema kwa sauti ya chini:

"Mama, hao watu wa Kenya mliwaandika wa nini? Mngeweka tu 'hakuna', saa hizi mngekuwa mmeshamaliza."

Alisema kwa huruma, na ninamwombea asipate matatizo. Nilipanda daladala ya kurudi, nikakaa dirishani, nikapitiliza Pasiansi bila kujua hadi konda aliponiuliza kama nasafiri kwa ndege.

Maana ipo habari nyingine ambayo kijana yule hakuijua. Katika wale walioitwa kazini yumo mmoja aliyesoma na binti yangu, ambaye alikuwa mezani kwangu wiki ile ile, na fomu yake, na kalamu yake. Ana mama mdogo Uganda aliyemlipia ada ya chuo miaka miwili. Kwenye mistari minne aliandika neno moja: Hakuna. Simtaji na sitamtaja, ni mtoto mzuri, na nilimpa chai. Alifanya alichoshauriwa na kila mtu aliyewahi kujaza fomu hiyo. Lakini nataka mkae na jambo hili kwa utulivu, ninyi ambao ulinzi wa nchi ni taaluma yenu. Kati ya wasichana hawa wawili, yupi anaweza kutishwa?

Binti yangu akifuatwa kesho na mtu asiyemjua, akaambiwa "tunajua una mjomba Kisumu", atajibu kwamba hata mwajiri anajua, ameandika mwenyewe na namba ya simu ameweka. Mazungumzo yameisha. Yule mwingine akiambiwa "tunajua una mama mdogo Kampala, na tunajua kwenye fomu uliandika hakuna", huyo ameshikwa koo. Kilichomshika siyo mama mdogo. Mama wa watu anauza vitenge vyake. Kilichomshika ni lile neno. Mmemwajiri akiwa tayari na siri moja ya kumtesa, na siri hiyo imetengenezwa na fomu yenu.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hapa mnaomfanya mtu afiche maradhi ni madaktari.

Ningeweza kuishia hapo, lakini nina sababu nyingine ya kuandika, nayo inahusu huyo huyo kaka wa Marekani. Nimwite mwanangu, maana kwa lugha yetu mtoto wa dada yangu ni wangu, ubishi huo tumeshaumaliza. Alikwenda kusoma, akabaki, akachukua uraia wa huko. Kwa Sheria yetu ya Uraia ya 1995, mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake anapoteza wa kwetu, hivyo siku aliyoapa kule ndiyo siku aliyoacha kuwa Mtanzania. Sasa yuko kwenye kampuni inayofanya kazi za Wizara ya Ulinzi ya Marekani, na kazi yake ilihitaji kibali cha usalama. Kwa hiyo katika familia moja, miaka isiyopishana sana, tumekuwa na watoto wawili waliopekuliwa na nchi mbili: mmoja akishukiwa kwa sababu ya ndugu wa nje, na mwingine akishukiwa kwa sababu yetu sisi. Huku yeye ndiye tatizo la binti yangu. Kule binti yangu alikuwa kwenye orodha yake.

Nilijua habari hiyo Jumapili moja dada yangu aliponipigia akihema. Mwanawe anataka tarehe ya kuzaliwa ya kila mtu. Alikuwa ameshusha sanduku la bati kutoka juu ya kabati, anatafuta kadi za ubatizo. Fomu ya Wamarekani kwa kazi hizo huitwa kwa namba yake, 86, na ina kurasa zaidi ya 100. Kuna sehemu ya jamaa ambayo inawataja mmoja mmoja: mama, baba, mlezi, mtoto, ndugu wa tumbo moja, ndugu wa mzazi mmoja, wakwe. Binamu hayumo. Lakini sehemu inayofuata inauliza juu ya mgeni yeyote ambaye, katika miaka 7 iliyopita, umekuwa na ukaribu naye kwa mapenzi, ushawishi, maslahi ya pamoja au wajibu. Nilipoelezwa hivyo nilisimamisha jembe. Wajibu! Hilo ndilo neno la udugu wetu. Hawaulizi tu huyu ni nani kwako. Wanauliza ana nini juu yako. Binti yangu angewekwa huko bila mtu kugombania kama ni dada au binamu.

Alijaza yote. Miezi ikapita, akapata barua. Na hapa ndipo naomba msome taratibu, kwa sababu barua hiyo ndiyo binti yangu hakuipata. Ilieleza sababu za kumtilia shaka, zimeandikwa na kupewa namba. Kwamba mama yake ni raia na mkazi wa Tanzania. Kwamba mama huyo anapokea pensheni ya serikali ya kigeni, yaani dada yangu, nesi mstaafu, na vijisenti vyake vya kila mwezi. Kwamba mjomba wake mmoja alikuwa askari wa jeshi la kigeni, yaani kaka yetu mkubwa, mstaafu wa JWTZ, ambaye siku hizi anafuga kuku. Kwamba hutuma fedha nje kila mwezi. Alipewa siku 20 za kujibu.

Akajibu. Mama ni mzee, pensheni ni haki ya kazi aliyokwisha kuifanya, na serikali haina habari naye isipokuwa siku ya uhakiki wa wastaafu. Akaomba kusikilizwa, akasikilizwa mbele ya jaji wa masuala hayo. Aliulizwa: mtu akimkamata mama yako akakutaka ulete kitu cha kazini, utafanya nini? Akasema atakwenda kwa ofisa wa usalama wa kampuni siku hiyo hiyo. Aliulizwa anampigia mama mara ngapi, na wanazungumza nini. Akasema kila Jumapili, na kwamba kwa kawaida ni mama anayezungumza. Uamuzi ulitoka kwa maandishi, na sababu zake, kurasa kadhaa. Alipata. Dada yangu alisomewa na kutafsiriwa kwenye simu, akakasirika: "Wamenijadili kurasa mbili nzima na hawajawahi hata kuniona!" Lakini tangu siku hiyo anajua kilichosemwa juu yake. Mimi juu ya kaka yangu wa Kisumu sijui kilichosemwa hadi leo.

Msinielewe vibaya, Marekani siiuzi hapa. Mwanangu alimlipa wakili kutoka mfukoni mwake, na shauri lilichukua zaidi ya mwaka huku mshahara ukining'inia. Mahakama yao ya juu ilisema mwaka 1988 kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kupata kibali hicho, na kanuni zao zinasema shaka ikibaki, ielemee upande wa usalama wa taifa. Ni wakali. Lakini ukali wao una maandishi. Kanuni zinazotumika tangu Juni 2017 zina vipengele 13, na kimoja wapo ni ushawishi wa kigeni. Ndani yake wametaja kinachotia wasiwasi, kisha wakataja kinachopunguza wasiwasi: ndugu huyo ni nani na anafanya kazi gani, nchi yake ikoje kwao, mawasiliano ni ya mara kwa mara au ya msimu wa sikukuu, mwombaji ana mizizi kiasi gani nyumbani, na je, ameripoti uhusiano wake kama alivyotakiwa. Yaani kule, kusema ukweli kunahesabiwa upande wako. Baadhi ya maamuzi ya mashauri hayo huwekwa kwenye intaneti, majina yakiwa yameondolewa, na yeyote anaweza kusoma jinsi hoja zilivyopimwa. Nimesomewa kadhaa. Kuna waliokataliwa, na ukisoma unaona kwa nini.

Na wao wenyewe walijifunza kwa maumivu. Mtu aliyewaumiza vibaya sana kwa upande wa jeshi la majini, John Walker, aliuza siri za mawasiliano kwa Wasovieti tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi alipokamatwa 1985. Hakuwa na shangazi Moscow. Alikuwa na madeni. Na alipotaka wasaidizi, aliwachukua nyumbani: kaka yake, mwanawe mwenyewe aliyekuwa baharia, na rafiki. Ndugu wote hao walikuwa Wamarekani. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe inaweza kuwa imeshonwa hapa hapa.

Sisemi ndugu wa nje si hatari kamwe. Ziwa hili silipambi. Naishi karibu nalo, najua magendo yanayopita usiku, na nilikuwa msichana wakati wa vita vya Kagera; nakumbuka tulivyozima taa Mwanza, na nakumbuka kwamba Mhaya mwenye shemeji upande wa pili alitazamwa kwa jicho lingine. Kama mtu anayeomba kushika majalada ya siri ana kaka ambaye ni ofisa wa idara ya ujasusi ya nchi nyingine, muulizeni, na mkiona hapana, iwe hapana. Kama analipiwa kodi ya nyumba na shemeji ambaye biashara yake haijulikani, vivyo hivyo. Ninachokataa ni kumweka mtu huyo na mjukuu wa fundi meli kwenye kapu moja, kisha kapu lote likatupwa bila mtu kusema chochote.

Karibu nusu ya Ziwa Victoria ni yetu, kipande kikubwa kinachofuata ni cha Uganda, Kenya ina kama asilimia 6. Maji hayo hayana ukuta. Nendeni Mwaloni Kirumba alfajiri mkaone dagaa wanavyopakiwa: mnunuzi wa Kenya, wa Rwanda, wa Burundi, wa Congo, wote wanalipa ushuru na wote wanakaribishwa. Nendeni Rorya, nendeni Tarime. Mjaluo na Mkuria wako pande zote mbili za alama za mpaka ambazo wao hawakuziweka. Serikali yenyewe ilisaini soko la pamoja lililoanza Julai 2010 ili watu wavuke kufanya kazi na biashara. Mwaka 2014 ikawapa uraia zaidi ya wakimbizi 160,000 wa Burundi waliokuja tangu 1972, jambo ambalo nililisifia darasani na bado nalisifia. Watoto wa raia hao nao wataomba kazi. Wataandika nini kwenye mistari minne? Mtu wa kanda hii asiye na ndugu nje ya mpaka, ama ni mgeni wa kanda hii, ama ameshapata ushauri.

Katiba niliyoifundisha inasema kwenye ibara ya 22 kwamba kila raia anastahili fursa sawa ya kushika kazi iliyo chini ya mamlaka ya nchi. Ibara ya 13 inasema haki ya mtu inapoamuliwa na chombo chochote, asikilizwe kwa ukamilifu na awe na njia ya kukata rufani. Wanafunzi wangu walikuwa wakiuliza, "Mwalimu, na vyombo vya usalama je?" Nilikuwa nikijibu kwamba usalama una mambo yasiyosemwa hadharani, na naendelea kuamini hivyo. Lakini "una mjomba Kisumu" si siri ya nchi. Mwenye mjomba anaijua. Kumwambia kwamba hilo ndilo lililotiliwa shaka hakumfichulii adui kitu chochote, na kunampa nafasi ya kusema: namwona mara moja kwa miaka miwili, ni fundi baiskeli, hajawahi kuniuliza nafanya kazi wapi isipokuwa kunitakia heri.

Basi semeni kwenye fomu ni ndugu yupi mnayemtaka, kwa maneno tunayotumia sisi, na muwape wapekuzi ruhusa ya kujua mama mkubwa ni nani. Ulizeni mawasiliano, fedha na wajibu kabla ya kuuliza pasipoti. Nafasi za kazi nazo hazilingani: anayepokea barua mapokezi asipimwe kwa kipimo cha anayeshika mitambo ya siri. Mkiwa na shaka, iandikeni hata mistari mitano, mwenye nayo ajibu ndani ya siku mtakazopanga. Na liwekeni wazi jambo moja ambalo lingebadilisha kila meza nchini inayojazwa fomu hii usiku wa leo: kwamba aliyetaja ndugu yake hatakuwa na hali mbaya kuliko aliyemficha. Aliyekwisha kuficha, mpeni dirisha la kurekebisha bila kufukuzwa. Wako wengi kuliko mnavyodhani, na wanafanya kazi kwenu.

Binti yangu kwa sasa anatengeneza kompyuta za watu kwenye chumba cha kupanga Nyakato, na hajafa njaa. Wiki hii kaka yangu yuko hapa kwangu. Alikuja kwa basi kupitia Sirari, kwa ajili ya kujengea kaburi la baba, akiwa na mkoba mmoja na kilo mbili za majani ya chai ya Kericho. Juzi jioni binti alikuja na fomu mpya, ya taasisi nyingine, ukurasa ule ule, mistari ile ile minne. Alikuwa anamuuliza mjomba wake mwaka wa kuzaliwa. Mzee alivua miwani, akamuuliza zinaandikwa za nini. Akaelezwa. Sikutaka aelezwe, lakini akaelezwa, na ya mwaka huu yote.

Alikaa kimya hadi chai ikapoa. Kisha akamsogezea fomu kwa kidole kimoja.

"Andika hakuna," akasema. "Mimi si najua niko."

Mwisho wa kuituma ni Ijumaa. Fomu bado iko mezani, na mstari wa kwanza haujajazwa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Pasiansi, Mwanza